Namna ya Kugawa Intaneti ya Kompyuta Moja na Mtaa Usigombane

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hakosekani katika mtaa wowote wa Michenga: ana kompyuta mpakato, ana laini yenye bando la mwezi, na ana ndugu. Vitu hivyo vitatu vikikutana chini ya bati moja, jua halizami kabla mtoto hajasimama mlangoni. "Shikamoo mjomba. Mama anasema uwashe hotspoti." Itikia marahaba, mkaribishe ndani, kisha soma hapa kabla hujawasha chochote. Kugawa intaneti ni jambo jema, ila likifanywa bila mpango, bando la siku thelathini linaweza kukata roho saa tatu usiku huohuo, na kesho yake aliyekuja na shida ya kweli akute MB sifuri.

Shida za kweli zipo, na zina msimu wake. Michenga ni moja ya kata za Halmashauri ya Mji wa Ifakara, na kuanzia Juni hadi Agosti, wakati mpunga unatoka mashambani kuja kuanikwa na kukobolewa, vijana waliomaliza kidato cha sita nao wanahangaika na maombi ya chuo na ya mkopo. Anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hajazi fomu mara moja akaondoka. Cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA. Fomu aijaze mtandaoni, aichape, aipeleke serikali ya mtaa ikasainiwe na kupigwa muhuri, aende kwa kamishna wa viapo, halafu arudi na karatasi zilezile, azigeuze kuwa faili na kuzipandisha kwenye mfumo. Kila hatua ni safari, na safari ikiishia kwenye foleni ya steshonari mjini Ifakara, siku imekwenda. Mwalimu wa shule ya msingi naye ana mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani unaomsubiri aingize taarifa za wanafunzi. Mkulima mwenye magunia uani anataka kujua wanunuzi wanasemaje kwenye kundi la WhatsApp kabla dalali hajafika na bei yake.

Kwa hiyo kompyuta iliyo mezani kwako, katika miezi hiyo, ni ofisi ya mtaa mzima. Naamini hivyo kwa dhati, na maelekezo yote yanayofuata yanasimama juu ya hilo: mwenye shida ya karatasi atangulie, mwenye hamu ya video asubiri, na mwenye bando asifilisike kwa wema wake.

Anza na chanzo. Mkongo wa baharini wa Seacom ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, wa EASSy ukafuata mwaka 2010, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaichukua intaneti hadi mikoani, minara ikaipokea na kuirusha hewani. Yaani imesafiri maelfu ya kilomita chini ya bahari na juu ya nchi kavu bila kulalamika, halafu inakuja kukwama kwenye ukuta wa tofali za kuchoma na paa la bati la nyumba yako. Mita hizo chache za mwisho hakuna waziri wala mhandisi atakayekuja kukurekebishia. Ni zako.

Zirekebishe hivi. Tembea na simu ndani ya nyumba, chumba hadi chumba, ukitazama vijiti vya mtandao na herufi zilizo kando yake. Ukiona 4G dirishani na 3G au E mezani, dirisha limeshinda. Simu yenye laini ikae hapohapo, kwenye mfuko mdogo wa nailoni uliofungwa kwa kamba kwenye nondo ya dirisha, kivulini, maana jua la Ifakara la saa nane mchana likiipiga, itajizima yenyewe kwa joto. Chomeka waya wa USB kwenye simu, upande wa pili uingie kwenye kompyuta, kisha ingia kwenye mipangilio ya simu uwashe palipoandikwa USB tethering. Sasa simu inafanya kazi moja tu ya kuvuta mtandao, na huku inachajiwa na kompyuta. Kazi ya kuugawa kwa wengine inahamia kwenye kompyuta.

Kuna wanaouliza kwa nini tujisumbue hivi, wakati simu yenyewe inaweza kuwasha hotspoti. Ni kweli, simu za Android zinaweza tangu toleo la 2.2 lililotoka mwaka 2010. Lakini simu inayovuta mtandao wa mnarani, inayorusha waifai kwa watu watano, na papo hapo inapokea simu za mashemeji, inachemka na betri yake haifiki jioni. Mwenye simu naye hawezi kutoka kwenda hata dukani, kwa sababu akitoka, ofisi ya mtaa imetoka naye mfukoni. Kompyuta haiendi dukani. Na kama una modemu ya USB badala ya simu, tafuta waya wa kurefushia, modemu ipande dirishani na kompyuta ibaki mezani.

Sasa kwenye kompyuta. Kama ni ya Windows 10 au 11, fungua Settings, ingia Network & internet, utaona Mobile hotspot. Huduma hii ilikuja na sasisho la Agosti 2016. Kabla ya hapo palikuwa na babu yake, aliyeanza na Windows 98 toleo la pili mwaka 1999, ambaye alihitaji subira na maombi. Siku hizi ni kitufe kimoja, lakini usikibonyeze bado. Kwanza hakikisha kompyuta imeelekezwa igawe kutoka kwenye chanzo sahihi, yaani ile simu uliyoichomeka au modemu, na igawe kwa njia ya Wi-Fi. Watu wengi hapa huacha chanzo kingine kilichowahi kuunganishwa zamani, halafu mtaa mzima unaunganishwa vizuri kabisa na kitu kisicho na intaneti.

Pili, tazama masafa. Kompyuta nyingi zitakupa nafasi ya kuchagua 2.4 au 5 GHz. Hiyo 5 ina kasi zaidi lakini ukuta wa tofali unaichosha haraka, na simu nyingi za bei nafuu zilizoko mikononi mwa watu haziioni kabisa. Shangazi atakwambia jina la mtandao wako halimtokei, utadhani hajui kutafuta, kumbe simu yake haina masafa hayo. Chagua 2.4 na uache mambo ya fahari. Itafika hadi kwenye benchi la uani, ambako watu watakaa kwa raha zaidi kuliko kujazana sebuleni.

Wenye Mac watakuta kitu hicho kwenye Sharing, wenye Linux watakikuta kwenye mipangilio ya Wi-Fi. Tofauti kubwa ni kwamba hizo kwa kawaida haziwezi kupokea intaneti kwa waifai na kuigawa kwa waifai ileile moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo njia ya waya wa USB niliyoieleza juu ndiyo itakayokuokoa.

Inafaa ujue kinachotokea ndani, kwa sababu ukishakijua hutababaishwa na mtu. Kampuni ya simu imekupa njia moja tu na anwani moja. Kompyuta yako ndiyo inayowapa wageni anwani za ndani, kwa kawaida zinazoanzia na 192.168.137 kwenye Windows, na kila ombi linapotoka, inaliandika kwenye daftari lake kisha inalituma nje kwa jina lake yenyewe. Majibu yakirudi inatazama daftari na kumpelekea mwenyewe. Ni sawasawa na sanduku la posta la shule: barua za wanafunzi wote zinafika kwa S.L.P. moja, na mwalimu wa zamu anazigawa paredi. Anwani hizi za ndani zimetengwa duniani kote kwa kazi hiyo tangu mwaka 1996, kwa sababu anwani za kawaida za intaneti, zinazokaribia bilioni 4.3, zisingetosha kila kifaa kiwe na yake.

Hapo kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, njia ni moja na bando ni moja, hata kama anwani za ndani ni nane. Nane ndicho kikomo ambacho Windows imekiweka kwa hotspoti yake, na nakuomba usikichukulie kama lengo. Wakiwa wanne wanaojaza fomu, mambo yanakwenda. Akiongezeka mmoja anayetazama mpira, wale wanne wamekwama. La pili ni zito zaidi. Kwa kampuni ya simu na kwa dola, kila kilichotoka kwenye njia hiyo kimetoka kwenye laini yako, iliyosajiliwa kwa namba yako ya NIDA na alama za vidole vyako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015. Kwa hiyo nywila si jambo la uchoyo, ni jambo la kujua nani yuko ndani ya nyumba yako.

Tuje kwenye jina na nywila. Watu hupenda kuuita mtandao wao "Nunua Lako" au "Polisi Ifakara" wakidhani wataogopesha waombaji. Majina hayo hayajamzuia muombaji hata mmoja, kwa sababu muombaji hasomi jina, anasoma vijiti. Andika jina linaloeleweka, hata "Ofisi ya Mtaa" linatosha, ili anayetumwa na bibi yake asitafute kwa shida. Nywila iwe na herufi nane au zaidi, isiwe namba yako ya simu, isiwe jina la mwanao wa kwanza, na isiandikwe kwa chaki ukutani. Simu za Android za toleo la 10 na kuendelea zinaweza kumuonyesha mwenzao mraba wa QR akaupiga picha na kuingia bila kuambiwa neno. Wa kwanza kuunganishwa atawaingiza wengine mbele ya macho yako. Ukipenda, mgeni alete simu, uandike wewe mwenyewe. Ukimpa mtoto nywila aipeleke nyumbani, umeitangaza mtaani kote.

Na sasa tumefika penye kiini, mahali ambapo bando za Michenga zinakufa kila jioni bila kaburi.

Simu ya mgeni wako imeishi miezi kadhaa kwa data ya kununua kidogokidogo. Katika miezi hiyo imeahirisha mambo mengi. Programu zake zinataka kusasishwa. Picha za harusi zinataka kupandishwa Google Photos. WhatsApp ina video za makundi sita ambazo haijazipakua. Mambo yote hayo yamewekewa sharti moja: yasubiri waifai. Na simu, popote inapoona waifai, inaamini imefika nyumba ya tajiri ambako intaneti haipimwi. Haijui kwamba waifai hii imetoka kwenye bando la mtu anayelipa kwa mchele. Dakika hiyohiyo unayoandika nywila, kabla mgeni hajafungua hata ukurasa wa Bodi ya Mikopo, simu yake imeshaanza kula kila ilichokuwa imefunga kula.

Simu ya Android ikigawa intaneti kwa simu nyingine ya Android, huiambia kimyakimya kwamba mtandao huu unapimwa, na ile nyingine inajizuia. Kompyuta ya Windows haitoi taarifa hiyo. Kwa hiyo ni kazi yako kuhakikisha kila simu inaambiwa kwa mkono. Sharti la kwanza la kuingia ofisini mwako liwe hili: mgeni akiunganishwa tu, abonyeze jina la mtandao kwenye orodha ya Wi-Fi, afungue maelezo yake, atafute palipoandikwa Metered au Network usage, achague kwamba mtandao unapimwa. Kwenye iPhone ni Low Data Mode, mahali palepale. Halafu aingie WhatsApp, kwenye sehemu ya hifadhi na data, azime upakuaji wa picha na video unapokuwa kwenye Wi-Fi. Dakika mbili. Mfanyie wewe kama hajui, na mfanyie kwa heshima, hasa akiwa mtu mzima. Usimchukulie simu mkononi kana kwamba unampokonya. "Samahani mama, naomba nikuwekee isile MB," inatosha.

Kompyuta yako yenyewe si mtakatifu. Windows ikiona mtandao wa kasi hupenda kujisasisha, na sasisho moja kubwa linaweza kuwa la GB kadhaa. OneDrive nayo itaanza kupandisha nyaraka ambazo hukuiomba. Ingia kwenye mipangilio ya ule mtandao unaotoka kwenye simu, uwashe palipoandikwa Metered connection, na usasishaji mkubwa utasubiri. Usiuache usubiri milele, kwa sababu kompyuta isiyosasishwa huingiliwa na wahuni. Uruhusu siku ambayo mtaa umelala na bando la usiku lipo.

Kwa anayetaka kipimo: Netflix yenyewe inasema video yake yenye ubora wa HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Ukurasa wa fomu uliopigwa picha vizuri na kupunguzwa hauzidi MB moja. Weka vitu hivyo viwili kwenye mizani kisha uamue nani aingie kwanza. Mimi nimeshaamua, na sitaki kura ipigwe upya: fomu kwanza.

Hapo kwenye picha za fomu napenda tukae kidogo, maana vijana wengi wanapoteza jioni nzima kwa kutojua jambo dogo. Kamera ya simu ya kisasa hutoa picha ya MB tano au zaidi. Kurasa saba ni MB thelathini na kitu za kupandisha, na kupandisha mara nyingi kuna kasi ndogo kuliko kushusha. Mfumo unachoka kusubiri, unamtupa kijana nje, anaanza tena, MB zinakwenda mara mbili. Kabla hajagusa mtandao, aweke karatasi juu ya meza karibu na dirisha mchana, asipige na flashi maana muhuri wa serikali ya mtaa utang'aa usisomeke, atumie programu ya kuskani iliyomo kwenye simu kutengeneza faili moja la PDF, kisha atazame ukubwa wake. Asome kila namba kwenye skrini kama inasomeka. Yote hayo afanye hotspoti ikiwa imezimwa. Intaneti iwashwe pale tu faili liko tayari, na mambo yamalizike wakati chai haijapoa.

Ndiyo maana nakushauri umuulize kila anayefika: "Karibu. Una kazi gani mtandaoni?" Si uchunguzi. Anayejibu kwamba anajaza maombi ya chuo, mpe kiti na utulivu. Mwalimu wa PReM mpe meza. Anayesema anaongea na mwanawe aliye Muscat kwa njia ya video, mpe muda wake, ila kamera waizime pale fomu ya mtu inapopanda. Sauti peke yake inakula kidogo sana. Anayesema "nachungulia tu" akae benchini asubiri wengine wamalize. Matokeo ya Baraza la Mitihani yakitoka, hakuna utaratibu utakaosimama, nakubali. Siku hiyo fungua ukurasa wa shule husika kwenye kompyuta mara moja, uuhifadhi, na kila anayekuja asome kutoka kwenye nakala hiyohiyo. Ukurasa mmoja umeshushwa mara moja, kijiji kizima kimesoma.

Umeme nao usikuvuruge. Bonde letu linatoa umeme mwingi kwa taifa: Kidatu kuna mtambo wa MW 204, Kihansi upande wa Mlimba wa MW 180, na maji ya Mto Kilombero yakiungana na mengine kuwa Rufiji yanakwenda kuzungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa MW 2,115. Pamoja na utajiri huo, taa ya sebuleni hukatika mtu akiwa ameshafika ukurasa wa mwisho wa fomu. Faida ya kompyuta mpakato ni kwamba ina betri yake, na kwa kuwa simu ya dirishani inanyonya chaji kwake, mfumo mzima unaendelea. Punguza mwanga wa skrini. Ila ingia kwenye mipangilio ya umeme uhakikishe kompyuta haijaamriwa kulala baada ya dakika chache, wala kulala ukifunika kifuniko. Kompyuta ikilala, hotspoti imelala nayo, na yule aliyeko benchini ataanza upya bila kujua kosa ni la nani. Windows pia ina tabia ya kuizima hotspoti yenyewe ikiona hakuna aliyeunganishwa; kama watu wanaingia na kutoka, zima tabia hiyo.

Itafika siku mgeni atasema ameunganishwa ila "haina intaneti". Usiwashe na kuzima ovyo. Kwanza fungua ukurasa kwenye kompyuta yenyewe. Kama kompyuta nayo haina, tatizo liko kwenye simu ya dirishani au mnarani: iweke simu kwenye hali ya ndege kwa sekunde chache, uirudishe, uwashe tena USB tethering, maana hujizima waya ukitikisika. Kama kompyuta inayo na mgeni hana, asahau mtandao kwenye simu yake na kuingia upya. Kama una VPN imewashwa kwenye kompyuta, izime ujaribu, kwa kuwa mara nyingi ndiyo inayoziba njia ya wageni. Na kuna siku kosa halipo Michenga wala Morogoro. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, na Tanzania pamoja na majirani zake wakabaki na mtandao wa kusuasua. Siku ya namna hiyo, hakuna kitufe cha kubonyeza. Waambie watu ukweli, warudi kesho, na wale wenye tarehe ya mwisho inayokaribia uandike majina yao ili kesho wawe wa kwanza.

Hilo la tarehe ya mwisho linaniuma. Masika ya 2024 Mto Lumemo ulifurika na maji yakaingia kwenye makazi ya watu Ifakara. Barabara zikiwa hivyo, kijana wa pembezoni hawezi kusema ataenda steshonari keshokutwa. Intaneti iliyopo kwa jirani ndiyo iliyobaki. Kwa hiyo kama una uwezo, usingoje siku ya mwisho ya dirisha la maombi ndipo uwashe. Watangazie mapema wenye vijana kwamba wiki ya kwanza nyumba iko wazi.

Upande wa fedha, semeni waziwazi. Bando lichangiwe kabla, si baada. Mtu akishapata alichokifuata, mfuko huwa mgumu. Kiasi kiwe kidogo, mwanafunzi asiye na kitu aingie bure, na mwenye biashara ya mpunga alipe zaidi kidogo kwa sababu yeye anarudi na faida. Hesabu ionekane: Windows inaonyesha ni MB ngapi zimetumika, na simu nayo inaonyesha, mfungulie yeyote anayeuliza. Lakini ukifika mahali pa kuuza intaneti kwa saa kwa kila anayepita, hiyo ni biashara ya mawasiliano, nenda kwanza TCRA wakuelekeze kuhusu leseni.

Na msimu ukiisha, badilisha nywila. Usifanye hivyo kwa hasira wala kwa kumkomesha mtu. Nywila iliyokaa mwaka mzima mtaani inajulikana hadi na wapita njia, na wewe ndiye mwenye namba ya NIDA.

Baada ya hapo lipo jambo moja la kuufikisha huu mwongozo mbali zaidi ya sebule yako. Kompyuta ya mtu mmoja ina kikomo cha watu nane na uvumilivu wa mke mmoja au mume mmoja. Kondoa, mkoani Dodoma, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma kwa kushirikiana na Internet Society walianzisha mtandao wa jamii ili shule na wananchi wagawane intaneti kwa pamoja. Michenga haihitaji kuanza na makubwa hivyo. Inahitaji ruta moja ya 4G yenye laini yake, mahali penye umeme na mlango wenye kufuli, iwe shule ya kata au ofisi ya kata, na mtu mmoja anayejua mambo yaliyoandikwa hapa. Ombi hilo lipelekwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na diwani akiwepo. Nendeni na karatasi moja yenye orodha ya vijana walioomba mkopo mwaka huu kupitia kompyuta yako, gharama ya bando kwa mwezi kama inavyosomeka kwenye simu yako, na jina la mwalimu aliyekubali kushika ufunguo. Orodha hiyo anza kuiandika leo, mtoto aliyesimama mlangoni akiwa wa kwanza.